Mfumo Mpya wa Redio Loma

Kompyuta ya Redio Loma ilikuwa nyumba ya wapangaji wawili wasiosalimiana. Chumba kimoja alikaa Windows. Chumba cha pili alikaa Chaski, mfumo wa Linux uliotengenezwa na vijana fulani wa mji wa Cochabamba waliokuwa na moyo mkubwa na muda mwingi. Ukiiwasha mashine, inakuuliza umwamshe nani. Windows aliamshwa kwa shughuli za karatasi tu, maana fomu za taarifa za madini zilikataa kufunguka kwingine kokote. Mwenye nyumba hasa alikuwa Chaski. Ndiye aliyecheza muziki, salamu na matangazo ya misa kutwa nzima, hata studio ikiwa haina mtu ila paka.

Kazi moja ya Chaski ilizidi nyingine zote uzito. Saa tano na nusu kila siku ya kazi alipiga morenada moja, wimbo wa ngoma ya kanivali, ile ile, yenye matarumbeta ya kumwamsha maiti. Saa sita kamili Severo Chambi, mlipuaji wa ushirika wa wachimbaji, aliwasha utambi wa baruti kule juu machimboni. Na chini ya machimbo, kwenye mteremko wa kifusi, ndipo walipofanya kazi wanawake wanaoitwa palliri, wakivunja mawe kutafuta bati waliloliacha wanaume. Morenada ikilia kwenye redio yao ndogo ya betri, walikuwa na nusu saa ya kufunga magunia, kuokota nyundo na kushuka hadi nyuma ya ukuta wa kinu cha zamani.

Zamani kulikuwa na king'ora. Radi ilikipiga, na ushirika ukasema redio inatosha. Kulikuwa pia na mtu wa bendera nyekundu, aliyesimama ukingoni na kuchungulia chini kabla ya mlipuko. Ushirika ukatazama, ukaona anakula mshahara kwa kupunga kitambaa, ukampeleka kusukuma mikokoteni. Kwa hiyo kati ya baruti ya Severo na vichwa vya wale wanawake ulibaki wimbo.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Basilia. Mumewe, Delfín Huarachi, ndiye aliyekuwa fundi wa redio.

Delfín hakusomea kompyuta popote. Alijifunza kwa kuunguza vitu vyake, kisha kwa kuunguza vya watu, na kufika umri wa miaka arobaini alikuwa na kibanda mbele ya soko la mji wa Wayra Loma ambako alitengeneza simu, pasi na chochote chenye waya. Redioni alikwenda akiitwa, na siku hizi aliitwa mara kwa mara. Chaski alikuwa amezeeka. Wale vijana wa Cochabamba walipata kazi, wakaoa, wakaacha kuurekebisha mfumo wao, na hakuna aliyewalaumu. Lakini sauti ilianza kukwama. Wimbo ungekwenda vizuri, ghafla ukakohoa, ukasimama, ukaendelea kana kwamba umesahau ulikuwa unasema nini.

Juma lile la baada ya kanivali, Doña Felipa alipita kibandani. Huyu ndiye palliri mzee kuliko wote, mwanamke mfupi mwenye mashavu ya kuungua kwa baridi na mdomo usio na kufuli. Alimweleza kwamba jana yake morenada ilikatika katikati.

"Nikajiuliza, mwanangu," alisema, "sasa ndiyo tufe nusu?"

Delfín alicheka hadi akaweka chini kifaa cha kuchomelea. Felipa hakucheka, yeye alikuwa na desturi ya kuwaachia wengine. Alipoondoka, Delfín alikaa akiutazama moshi wa risasi ya kuchomelea, na hapo hapo akaamua kwamba Jumapili Chaski anahama.

Katibu wa redio alikuwa Nieves, dada mkubwa wa Basilia, mwanamke wa kupanga kalamu kwa urefu. Alipoambiwa habari ya kuhama, aliuliza swali moja tu, kuhusu chumba cha Windows kilichokuwa na fomu zake.

"Windows simgusi, shemeji," Delfín akamhakikishia.

"Usimguse kweli. Ukifuta fomu zangu, na mimi nitakufuta wewe, na Basilia nitamtafutia mwanamume wa kiwanda cha bia."

Jumapili machimbo hayafanyi kazi. Baada ya misa Delfín alipanda hadi studio, chumba kimoja cha matofali juu ya kilima, akiwa na Kantuta mfukoni ndani ya flashi. Kantuta ulikuwa mfumo mpya, Linux vilevile, ila wenye afya na watu wa kuutunza. Kwanza alinakili nyimbo zote na ratiba yote pembeni. Kisha akafungua ramani ya diski, ukanda mrefu wenye rangi, kila rangi chumba cha mtu. Mashine ilipomuuliza kama afute diski nzima, alitoa mkono kwenye kipanya upesi kama mtu aliyetaka kumpapasa mbwa asiyemjua. Akapumua. Akachagua chumba cha Chaski peke yake, akahakikisha, akahakikisha tena, akabonyeza. Miaka yote ya Chaski ilifutika kwa muda wa kutafuna jani la koka.

Kantuta aliingia bila fujo. Mashine ilipowashwa upya iliuliza kama kawaida ni nani aamshwe, na Windows alikuwepo, mzima, na fomu zake. Nieves alizifungua moja moja akitafuta sababu ya ugomvi, akaikosa. Delfín alipanga ratiba, akaiweka saa kulingana na simu yake, akacheza morenada ya majaribio. Matarumbeta yalitoka safi, bila kikohozi. Nieves akamletea api, uji mtamu wa mahindi, ya moto na kipande cha mkate wa kukaanga, akamwambia kwamba leo anafanana na mtu aliyesoma. Delfín alishuka kilima akipiga mluzi.

Kitu kimoja hakukifanya, na hakukifanya kwa sababu hakukikumbuka.

Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayotembea kwa betri hata mashine ikiwa imezimwa. Windows huisoma saa hiyo kama saa ya hapa tulipo. Linux, ikiachwa na mazoea yake, huichukulia kuwa ni saa ya ulimwengu, kisha inapunguza saa nne ili kupata saa ya Bolivia. Wapangaji wawili, saa moja ukutani, na kila mmoja anaisoma kivyake. Miaka mingi nyuma Delfín aliwahi kugombana na jambo hili siku nzima, mpaka alipomfundisha Chaski kuisoma saa kama jirani yake. Ulikuwa mstari mmoja katika mipangilio. Mstari huo ulifutwa pamoja na chumba. Kwingineko mtandao ungeirekebisha saa yenyewe, lakini waya wa mtandao wa studio ulikuwa umeibiwa na wezi wa shaba tangu kabla ya kanivali.

Jumatatu morenada ililia kwa wakati wake. Jumanne na Jumatano vilevile. Felipa alituma salamu kupitia Basilia kwamba sasa wanaweza kufa kamili, na Delfín aambiwe ahsante.

Alhamisi asubuhi Nieves alitakiwa kupeleka taarifa za madini mjini Oruro. Saa tatu, wakati ambao watu wengi wako kazini na redio ikinyamaza kidogo hakuna anayelalamika, alimlaza Kantuta akamwamsha Windows. Akaona saa ya mashine inasema saa saba mchana. Alicheka peke yake. Alisema baadaye kwamba alimcheka Delfín, kwamba fundi mzima ameacha mashine imeshakula chakula cha mchana wakati watu hawajamaliza chai. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kupanga kalamu kwa urefu, aliirekebisha. Akajaza taarifa, akaichapa, akamzima Windows, akamrudisha Kantuta, akasubiri mpaka muziki uliposikika, akafunga mlango kwa ufunguo na kukimbilia gari la Oruro.

Kantuta aliitazama saa ndogo. Ilisema saa tatu na kitu. Akapunguza saa nne kama alivyozoea, akaona bado ni alfajiri, akaanza siku upya.

Kibandani Delfín alikuwa na simu ya mteja iliyoanguka ndani ya supu. Kazi ya namna hiyo huziba masikio. Redio yake ilikuwa inaongea kwenye rafu, na aliisikia kama mtu anavyosikia mvua. Ni mwenye simu, aliyekuwa anasubiri, ndiye aliyeanza kucheka.

"Fundi, mashine yako imeamka na pombe za kanivali? Sikia, inawapeleka watoto shule."

Delfín alisikiliza. Ulikuwa wimbo wa watoto wa shule, ule wa kengele, ambao huchezwa asubuhi wakati wanavuka daraja. Akaitazama saa ya simu yake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Mstari ulimrudia kichwani mzima mzima, kama ulivyoandikwa.

Alimpigia Nieves, gari lilikuwa bondeni, hakuna mtandao. Alimpigia Severo akijua ni bure, maana walipuaji huzima simu wanaposhika viwashio, na Severo alikuwa mtu wa kufuata sheria. Basilia hakuwa na simu kazini, vumbi lilikwishamlia mbili. Mteremko wa kifusi ulikuwa upande wa pili wa bonde. Studio ilikuwa karibu zaidi. Delfín aliacha kibanda wazi, na simu ya supu mezani, akakimbia kupanda kilima.

Wayra Loma iko juu ambako hata waliozaliwa hapo hawakimbii kupanda. Alifika mlangoni macho yakiona nyota, akakuta kufuli la Nieves. Alivunja dirisha kwa jiwe, akaingia akijikata kiganja, akaanguka juu ya kiti. Kwenye skrini Kantuta alikuwa anaendelea na asubuhi yake bila wasiwasi. Delfín alitafuta morenada kwenye orodha, mkono ukimchuruzika damu kwenye kibodi, akaipata, akaipiga.

Matarumbeta yakatoka. Safi, bila kikohozi. Delfín aliegemea ukuta kwa furaha. Aliwaona kichwani mwake wakiinuka, Felipa akilaani gunia lake, Basilia akijifunga shuka mgongoni. Zilikuwa zimebaki dakika zisizofika kumi, lakini wakisikia wimbo watashuka.

Wimbo ulikuwa umeshafika kwenye ubeti wa pili ndipo alipoelewa alichokifanya.

Ule wimbo haukuwa na maana ya "kimbieni." Kwa miaka mitatu ulikuwa na maana moja tu: mna nusu saa.

Aliukata, akavuta kipaza sauti, akapiga kelele. Alisema shukeni, acheni kila kitu, shukeni sasa hivi, wimbo umechelewa, ni Delfín hapa, Basilia shuka, Doña Felipa shuka. Alisema hivyo mara nyingi mpaka maneno yakawa sauti tupu. Kupitia dirisha alilolivunja aliona wingu limelala juu ya machimbo kama blanketi. Kutoka juu Severo asingeweza kuwaona waliokuwa chini. Alisikia mlipuko. Vioo vilivyobaki dirishani vilitetemeka, na paka akaingia chini ya meza.

Basilia alirudi nyumbani jioni, mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa cha mtu. Alikaa kitandani. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Alisema waliusikia wimbo wa shule, wakacheka. Ila yeye tumbo lilimwambia mchana umefika, ingawa jua halikuonekana, na Felipa naye alisema vivyo hivyo. Walianza kukusanya vitu. Felipa alikuwa amekwisha kutia gunia mgongoni na kuteremka hatua kadhaa. Ndipo morenada ilipolia. Felipa akasema, kumbe bado, tuna nusu saa nzima, akalitua gunia na kupanda tena kumalizia jiwe lake. Wawili walimfuata. Mwenye redio akaizima, kama siku zote, kutunza betri.

"Hamkunisikia?" Delfín aliuliza. "Niliongea. Niliita jina lako."

Basilia alikaza fundo la kitambaa mkononi.

"Uliongea lini?" alisema.

Wale wawili waliomfuata Felipa walipelekwa hospitali wakiwa hai, mmoja bila mguu. Felipa walimpata usiku.

Kwenye msiba kulikuwa na koka, sigara na pombe ya singani, na watu walikaa kwenye mabenchi kuzunguka ua huku wakinong'onezana jina la Severo. Hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi. Nani aliwasha utambi? Severo. Yeye alikaa peke yake benchi zima, kofia mapajani, na hakuna aliyempa kiberiti. Tayari wazee wa ushirika walikuwa wamesema atarudisha kadi yake ya uanachama.

Nieves aliingia akiwa bado na nguo za Oruro. Alisimama mbele ya jeneza akasema kwa sauti kwamba si Severo, ni yeye, aliisahihisha saa. Watu walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepandwa na homa. Saa gani? Kusahihisha saa kunamuuaje mtu? Mjomba mmoja alimshika mkono ampeleke kukaa, na Delfín akaona kwamba akinyamaza sasa, itapita hivyo hivyo: Nieves atabaki mwenye homa, Severo atabaki mwenye utambi, na yeye atabaki fundi.

Alisimama. Alieleza kuhusu wapangaji wawili na saa moja, kwamba shemeji yake aliikuta imekosewa na akaiweka sawa kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Aliyepaswa kujua ni yeye, na aliwahi kujua, akasahau. Alieleza kuhusu dirisha na wimbo. Alieleza yote, na kadiri alivyoeleza aliona nyuso zinamwelewa, na hilo lilikuwa baya kuliko kutoeleweka.

Severo ndiye aliyeongea wa kwanza. Hakupandisha sauti.

"Kipaza sauti kilikuwa mbele yako," alisema. "Kwa nini ulianza na wimbo?"

Delfín alikitazama kiganja chake kilichokatika. Majibu yalikuwepo: damu, pumzi, haraka. Hakulitumia hata moja. "Ndivyo tulivyozoea," alisema.

Severo alitikisa kichwa taratibu, akavaa kofia yake, akaondoka. Hakuna aliyemfuata Severo, na hakuna aliyemsogezea Delfín nafasi akae.

Baada ya mazishi watu wa ushirika, waliokuwa wamemwachia Severo kadi yake, walikuja kuuliza kama mashine iko tayari kwa Jumatatu. Delfín alikuwa ameshaandika ule mstari ndani ya Kantuta. Ilikuwa kazi ya muda wa kufunga kamba ya kiatu. Alisema iko tayari. Lakini Basilia, aliyekuwa anamenya viazi kwa mkono mmoja, alisema hapana. Alisema wamekaa, wao palliri, wakakubaliana. Wimbo ule hautapigwa tena. Redio icheze itakacho. Saa tano na nusu Delfín atapanda mwenyewe, kwa miguu yake na mdomo wake, kila siku ya kazi, na Severo hatagusa kiwashio mpaka amwone amerudi nyuma ya ukuta na mwanamke wa mwisho. Watu wa ushirika walikohoa, wakazungumza habari za gharama. Basilia aliendelea kumenya, akawaambia basi wachague wake zao wapande wakavunje mawe.

Jumatatu Delfín alifunga kibanda mapema, akavuka bonde. Alifika chini ya kifusi, akakusanya mikono mdomoni, akaita. Sauti ilipanda vizuri. Siku ile hapakuwa na wingu. Wanawake walimsikia. Alijua walimsikia, kwa sababu mmoja aligeuza shingo.

Hakuna aliyeinuka. Nyundo ziliendelea.

Aliita tena, mara ya pili, ya tatu. Kisha akaelewa, akaanza kupanda, mawe yakimkimbia chini ya viatu. Alimfikia wa kwanza, akamgusa bega. Mwanamke yule aliokota nyundo yake bila kumtazama akashuka. Akamwendea wa pili. Kila mmoja alimsubiri amfikie, amguse, ndipo aondoke, na hakuna aliyemrahisishia kwa hatua hata moja.

"Saa ngapi, fundi?" mmoja alimuuliza, wala hakuwa anatania.

Alimjibu. Mwanamke akainua macho kulitazama jua kwanza, kisha ndiyo akashuka.

Basilia alikuwa wa mwisho, juu kabisa, palipokuwa pa Felipa. Delfín alifika akiwa hana pumzi, mikono magotini. Basilia alimalizia jiwe lililokuwa mkononi, akalitia gunia, akalifunga kwa meno na mkono mmoja. Akampa nyundo aibebe. Akatangulia kushuka, naye Delfín akamfuata nyuma, akihesabu migongo iliyokwisha kufika ukutani.